Vibuyu Vilivyooshwa kwa Sabuni ya Limau

Ilianza Jumamosi ya pili ya likizo ya Agosti, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Najua saa kwa sababu nilikuwa nimesimama chini ya saa ya ukutani jikoni, nikikausha uma, wakati mama alipoingia na sufuria ya mukimo na tata akamwambia airudishe ilikotoka.

Simpendi tata. Nimeandika hivyo mapema ili mtu akisoma asiseme nilificha. Tata ni dada mkubwa wa marehemu baba. Nilikuwa nakaa kwake Nchiru tangu kidato cha kwanza kwa sababu shule yangu ya kutwa iko karibu na kwake, na kwetu Ruiri ni mbali. Watu wa kanisa humwambia mama amshukuru Mungu kwa kumpa wifi kama huyo. Mama hushukuru. Mimi huosha vyombo.

Na si vyombo vya nyumba tu. Tata alifanya kazi miaka mingi katika jikoni za mahoteli ya Uarabuni, na aliporudi alirudi na masanduku. Sahani nyeupe za mraba. Vijiti vya kulia vya Wachina. Bakuli za Kijapani ndogo hivi kwamba uji wake hauwezi kushibisha hata mtoto wa kunyonya. Chungu cha Wamoroko chenye kifuniko kilichochongoka kama paa la nyumba ya msonge. Uma za keki, uma za samaki, na kijiko kimoja chenye matundu ambacho hadi leo sijui kazi yake. Anapikia watu harusi na sherehe za wanafunzi wanaohitimu, na wikendi ikiisha sufuria za kuosha zinanifika kifuani.

Sahani za ng'ambo sikuruhusiwa kuzitia maji. Hizo aliziosha mwenyewe, na glavu za manjano, kwa sabuni ya limau ambayo ilikaa kwenye kabati la chini ya sinki, na kabati lilikuwa na kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Mimi nilikuwa na sabuni ya kipande na jivu. Nilikula kwa sahani ya plastiki ya kijani ambayo alininunulia siku niliyofika. "Hii ni yako," aliniambia. "Usichanganye."

Nilitaka kutoka kwenye nyumba hiyo kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote duniani, na siku hiyo ndiyo ingeamua. Dada yangu mkubwa alikuwa anaolewa na kijana wa Kibugu, upande wa Embu, kule juu ambako mashamba ya chai yanaishia msituni. Dada alimwambia mchumba wake kwamba angependa kwenda na mimi, nimalizie masomo katika shule ya kutwa iliyo chini ya kwao. Kijana alikubali. Lakini boma lile ni la nyanya yake, na bila neno la huyo shosho hata kuku hachinjwi. Shosho angekuja siku hiyo na wazee wao kwa maneno ya mahari. Wakishakula, jambo langu lingesemwa. Akikubali, ningehama. Akikataa, ningebaki na sufuria mpaka mtihani wa mwisho.

Tata alilijua hilo. Nilimsikia kwenye simu akimwuliza mama, "Kwani hao watu wanaoa mmoja ama wanaoa na nyongeza?"

Basi mama akasimama mlangoni na sufuria yake imefunikwa kwa jani la mgomba.

"Hiyo ni nini?" tata akauliza, na ilionekana wazi ni nini.

"Ni mukimo tu. Wa ndizi. Nimeuponda alfajiri, bado uko moto."

"Wifi, si nilikwambia uje mikono mitupu? Sasa hiyo kijani yote niiweke wapi kwa meza yangu? Karibu na sushi?"

Mama akauliza sushi ni nini.

"Ndiyo maana nilisema uje mikono mitupu."

Mama akacheka. Huwa anacheka akitukanwa, kama mtu anayemsaidia mwenzake kubeba mzigo. Sufuria ikapelekwa stoo, ikawekwa juu ya gunia la chakula cha kuku. Mimi ndiye niliyeipeleka. Niliinua jani nikaona alama za mwiko wa mama juu ya ule mukimo, ameulainisha pande zote kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni, nikalirudisha jani. Mimi huwa sisemi. Walimu huandika kwenye ripoti yangu kwamba nishiriki zaidi darasani.

Sherehe ilistahili kufanywa kwetu Ruiri. Tata alikataa. Alisema wageni hawawezi kukalishwa kwenye viti vya plastiki huku mbuzi wakichungulia dirishani. Akaitoa sebule yake, akatoa na chakula, akatoa na kadi ndogo za kusimamisha mbele ya kila bakuli, zimeandikwa jina la nchi. Alisema wageni watazunguka dunia bila pasipoti. Nilikata dania mpaka kidole kikawa kijani, kwa saladi ya Walebanoni. Nilimenya maganda ya dengu nyeupe za kusaga moja moja, kwa sababu tata alisema Mwarabu wa kweli haachi ganda. Nilishika karatasi nyeusi za mwani huku tata akiviringisha ndani yake wali wa Mwea na kipande cha tango, akinikemea nisipumulie. Lazania niliipanga mimi, shuka la unga juu ya shuka, nyama katikati. Siwezi kudanganya: ilikuwa tamu. Nililamba mwiko mara mbili. Hilo nalo liliniudhi.

Wageni walifika mchana. Wanawake wao waliimba langoni, wetu wakawajibu kwa ndani, wakazuiliwa kidogo kama desturi, lango likafunguliwa. Mgongoni walibeba vyondo, na ndani ya vyondo vibuyu vinne vya uji wa kuchacha.

Kwa watu wetu, na kwa Waembu vilevile, uji huo una adabu zake. Wenyeji wanaunywa, wote, hata asiyeupenda. Kibuyu hakirudi kitupu. Kinarudi na unga au sukari ndani. Na kibuyu cha mtu hakioshwi na mwingine. Unakisuuza kwa maji moto peke yake, unakiinamisha kivulini, basi. Uji wa jana unabaki kwenye kuta za kibuyu na ndio unaochachusha wa kesho. Hata mtoto wa darasa la pili Ruiri anajua hivyo. Tata pia alijua, zamani. Alizaliwa huko huko.

Shosho alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, amevaa sweta ya shule ya mtu fulani juu ya kitenge. Kibuyu kikubwa kilikuwa chake, cheusi kwa uzee, kina ufa uliokuwa umeshonwa kwa uzi wa katani. Hakumpa mtu mwingine akibebe. Aliongea Kiswahili na sisi, ingawa Kiembu na Kimeru vinasikizana watu wakitaka. Kiswahili kilikuwa cha kutuweka mbali. Alinitazama kuanzia viatu.

"Ni huyu?" akamwuliza dada. "Mbona hasemi? Ni bubu?"

"Ni mnyamavu tu, shosho."

"Mnyamavu. Paka pia ni mnyamavu na maziwa inaisha."

Wanawake wao wakacheka. Nikaangalia chini. Nilitamani kusema kitu cha adabu, kitu cha kunifanya nionekane mtu wa kufaa, na kilichotoka ni "Karibuni," kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Tata akaumimina uji wao kwenye zile bakuli za Kijapani, funda moja kwa kila mtu. Yeye mwenyewe alionja kwa kijiko cha keki, akafumba jicho moja. "Umechacha kweli," akasema. Shosho alimtazama bila kupepesa. Mama yangu alikunywa wake, akaongezewa, akanywa tena.

Ndipo tata akanivuta koridoni. "Kimbia kwa duka la juu ulete barafu, na limau. Na usisimame kuangalia watu."

Duka la juu barafu ilikuwa imeisha, nikaenda la mbali, karibu na hosteli za wanafunzi. Niliporudi na mfuko umenigandisha mkono, vibuyu vyote vinne vilikuwa nyuma ya jikoni juani, vimepangwa juu ya karai, vifuniko kando, vinang'aa kama matako ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kwenye mtaro povu jeupe lilikuwa bado linatambaa. Jikoni kulinuka limau. Glavu za manjano zilikuwa zimeanikwa kwenye mfereji, zinadondosha maji.

"Tata," nikasema. "Vibuyu."

"Vibuyu nini? Vilikuwa vinanuka kama mtu ametapika. Nimewasaidia, wajue wamekuja kwa watu safi. Peleka barafu."

Nilivihamisha kivulini kwanza. Kile kikubwa kilikuwa moto mkononi, na ule ufa ulioshonwa ulikuwa umefunguka kiasi cha kupitisha ukucha. Nilikiweka puani. Hakikuwa tena na harufu ya uji. Kilinuka choo cha hoteli. Nilijua jikoni kwa tata kosa likifanyika linamtafuta nani.

Chakula kikatolewa. Nilikuwa nimebeba sahani, kwa hiyo nilisikia yote. Mzee mmoja wao aliinua shuka la lazania kwa uma kama mtu anayetafuta mende.

"Nyama ndiyo ile? Imelala chini ya blanketi ngapi?"

"Na huu wali?" mwenzake akauliza, akigeuza sushi. "Umefungwa bendeji. Uliumia wapi?"

"Hiyo inaliwa na vijiti, mzee," tata akasema, akitabasamu meno yote. "Shika hivi. Kama kalamu."

"Kalamu niliwacha darasa la tatu." Akachukua kijiti kimoja, akachokoa nacho jino.

Wazee wetu walicheka, kisha wakakumbuka wako upande gani wakanyamaza. Tata alikuwa amekaza shingo. Alianza kueleza habari za Lebanoni. Alisema huko hata tajiri anakula dengu hizi. Mwanamke mmoja wao akajibu taratibu kwamba huko kwao dengu wanauza, hawasagii wageni.

Shosho hakuwa amegusa sahani yake. Ile sahani nyeupe ya mraba ilikuwa imekaa magotini pake kama dirisha.

"Mukimo uko wapi?" akauliza.

"Shosho, leo tunatembea dunia," tata akasema.

"Mimi nimetoka Kibugu. Kutembea kumetosha."

Dada akanikanyaga mguu na kuninong'oneza, "Lete ya mama. Haraka." Nikaenda stoo nikaleta sufuria na alama za chakula cha kuku chini yake, nikaitua katikati ya Italia na Japani, nikaangusha kadi ya Meksiko. Wageni wakasogea wote pamoja. Shosho aliukata kwa kijiko, akala kwenye lile jani la mgomba, akiwa ameiacha sahani ya tata sakafuni karibu na kiatu chake. Hakumshukuru mtu. Tata alinitazama kwa namna ambayo niliielewa vizuri: wageni wakienda, utanitambua.

Maneno ya mahari yaliendelea, ya wazee, mafumbo na mbuzi, sikuyafuata yote. Yaliisha vizuri. Kisha mchumba wa dada akakohoa. Akasema kuna jambo lingine dogo, la huyu mdogo, kuhusu kuja kukaa Kibugu na kusomea kule. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni nimeshika trei. Nikaikumbatia.

"Nitasema nikisimama," shosho akajibu. "Nileteeni kwanza vibuyu vyangu, jua linaenda."

Tata akavileta mwenyewe, viwili viwili, na madaha. Shosho akachukua kile kikubwa. Akapitisha kidole juu ya ufa. Akafungua kifuniko akaingiza pua, na akakaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayesikiliza. Akampa mwanamke wa kando yake. Yule alinusa, akaenda mlangoni, akatema mate nje.

"Nani ameua kibuyu changu?" shosho akauliza.

"Wooi, shosho." Tata aliweka mkono begani mwangu, polepole, karibu kwa upendo. "Ni huyu msichana. Nilimwambia asuuze tu na maji. Lakini watoto wa siku hizi huwezi kuwaachia kitu, kichwa kiko kwa simu."

Sina simu. Sijawahi kuwa na simu. Sebule nzima ilinigeukia. Mama alikuwa anatazama mikono yake. Dada alinitazama na macho yanayouliza, kwa nini leo, kati ya siku zote.

Shosho akamgeukia mjukuu wake. "Na huyu ndiye mnataka niingize kwa jiko yangu? Mkubwa tutachukua, tumeshakula mukimo ya mama yake. Huyu mbaki naye."

Basi. Ilikuwa imesemwa, na kwa wakwe neno la namna hiyo halisemwi mara mbili. Nilihesabu miaka, nikaona sufuria. Mkono wa tata ulikuwa bado begani kwangu, karibu na pua yangu, na ulinuka limau.

"Mimi sikuwa hapa," nikasema. "Nilitumwa barafu. Sabuni ya limau hukaa kwa kabati lenye kufuli. Ufunguo ni ule, kwa shingo ya tata."

Sauti ilitoka nyembamba na ya juu, kama ya mtu mwingine anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Hakuna mtu aliyekuwa akiangalia shingo ya tata. Lakini tata akainua mkono akaufunika ufunguo, na hapo kila mtu akaangalia.

"Unaniita mwongo?" akasema. "Mbele ya wageni? Ndani ya nyumba yangu, na unakula chakula changu?"

"Nakula kwa sahani ya kijani," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ndilo lililokuja.

"Mtoto, nyamaza," akasema mzee mmoja wa upande wetu. Dada alinifinya kiuno mpaka machozi yakanitoka. Hakuna aliyenitetea. Nataka liandikwe hivyo, kwa sababu siku hizi dada akihadithia husema sote tulimkalia tata pamoja. Si kweli. Walikuwa wananionea aibu.

Shosho alinitazama tena kuanzia viatu. Hakutabasamu.

"Kumbe ako na mdomo," akasema. "Mbaya, lakini ako nao."

Akasimama. Akavisukuma vibuyu vitatu kwa wanawake wake, na kile kikubwa akakiweka chini, mbele ya miguu yangu.

"Hiki nilipewa na mama wa mzee wangu. Sikibebi kikinuka bafu. Atakileta huyu. Kesho. Na atakaa nacho huko mpaka kikubali uji. Mkaa, maji moto, uji ya kumwaga, tena uji ya kumwaga. Shule ataenda akitoka kwa kibuyu."

"Lakini shosho," dada akasema, "si umesikia si yeye aliyekiosha?"

"Mimi siulizi nani alikiosha. Naangalia nani atakitengeneza. Huyo wa ufunguo siwezi kumpa hata jiwe anishikie." Kisha akaniambia mimi, "Na kikikataa, mwari, utarudi huku ukitembea."

Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu Kibugu. Niliyashika kama mtu anavyoshika kamba, bila kuuliza kama ni safi.

Wageni walikuwa tayari wananyanyua vyondo vyao vitupu wakati mama aliposimama. Alikuwa hajasema neno tangu wageni wafike. Akaenda kwenye kona alikoweka kiondo chake, akatoa mfuko wa unga wa wimbi alioutoa nyumbani, akapiga magoti, akajaza vile vibuyu vitatu kimoja kimoja kwa mkono, sabuni au hakuna sabuni.

"Havirudi vitupu," akasema.

Tata akasema unga huo utanuka limau. Mama akaendelea kujaza. Uliobaki kwenye mfuko akaumimina ndani ya kile kikubwa, mbele ya miguu yangu, akakifunika.

Wageni walipotoka langoni, nilijua kinachokuja. Tata hakunipiga. Hajawahi kunipiga, na watu humsifu kwa hilo pia. Alizunguka sebuleni akikusanya kadi zake za nchi, akiongea kwa sauti ya kawaida ambayo ni mbaya kuliko kelele. Alimwambia mama kwamba amelea nyoka kwa maziwa ya mtu mwingine. Alimwambia dada kwamba huko anakoenda atachekwa mpaka azeeke, dada wa yule msichana wa kibuyu. Alisema alihudumia watu wakubwa wa nchi kubwa na hakuna aliyemrudishia sahani sakafuni. Aliposema hilo la sahani sakafuni sauti ilimkatika kidogo. Nililiona. Sikumhurumia, ingawa najua mtu mwema angemhurumia. Vile vyombo alivibeba baharini na angani miaka yote kwa ajili ya siku kama hii, kisha mzee akachokoa jino kwa kijiti chake.

"Na wewe ukitoka na hiyo takataka," akaniambia, akionyesha kibuyu kwa mguu, "usirudi hata kuchukua soksi."

"Sawa, tata."

"Sawa?"

Nikainama nikakichukua kibuyu.

Alivua ufunguo shingoni, ukanasa kwenye mnyororo wa msalaba, akauvuta kwa nguvu, akautupa mezani mbele yangu, kati ya mabakuli. "Kwa kuwa unajua sana sabuni inakaa wapi. Kesho nikitoka kanisani nataka vyombo vyote vimeoshwa. Hata za ng'ambo. Uoshe na hiyo limau yako."

Akaenda chumbani kwake. Dada alikuwa anafuta meza kwa hasira, akifuta mahali pamoja. "Umefika kwa wakwe zangu kabla yangu," akaniambia bila kuniangalia. "Na umefika na kesi." Mama alikuwa ameshaanza kula kipande cha sushi kilichobaki, akitafuna taratibu, akikifikiria. Akasema si kibaya, kinahitaji tu chumvi. Ndilo jambo pekee la kuchekesha la siku hiyo na hatukucheka.

Mama alilala pale usiku huo, na asubuhi, tata akiwa bado anajivalisha kwa ajili ya kanisa, niliingia jikoni. Vyombo vilikuwa vimejaa sinki, karai mbili na sakafu hadi mlangoni, chungu cha Wamoroko juu kabisa na kifuniko chake kimelala upande. Lazania ilikuwa imekauka kwenye sahani nyeupe kama rangi ya ukuta. Nilitafuta humo ndani mpaka nikapata sahani yangu ya kijani, nikaiosha peke yake kwa sabuni ya kipande, nikaisuuza, nikaifuta, nikaiweka mezani. Ufunguo nikauweka katikati ya sahani. Kisha nikabeba kibuyu mgongoni kwa kiondo cha mama, kikininukia limau kwenye shingo, nikatoka kwa mlango wa jikoni kwenda langoni ambako mama alikuwa ananingoja.